Kufungua poti kwenye ruta ili kuona kamera za nyumbani ukiwa mbali

Kamera ziko Njiro, Arusha, wewe uko Dodoma. Kabla ya kufungua poti (mlango wa kuingilia kutoka intaneti), ingia kwenye ruta, mara nyingi 192.168.1.1 (nywila iko kwenye stika chini yake), uangalie IP (anwani ya mtandao) ya upande wa WAN, yaani upande wa intaneti. Ikianza na 10 kisha nukta (10.x.x.x), au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, usijisumbue: kampuni imewarundika wateja wengi nyuma ya IP moja, na poti haitafika nje. Intaneti ya laini ya simu ndivyo ilivyo mara nyingi. Omba IP ya umma, au tumia Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako bila kufungua poti.

IP ikiwa safi, yaani ya umma, ipe DVR (kinasa cha picha za kamera) anwani ya kudumu, mfano 192.168.1.50, kwa kuifunga na MAC yake (namba ya utambulisho wa kifaa) kwenye DHCP, sehemu ya ruta inayogawa anwani. Wengi huruka hatua hii. Umeme ukikatika na kurudi, DVR huweza kupata IP nyingine, na poti ikaishia kwenye televisheni.

Sasa fungua Port Forwarding. Ruta nyingine huiita Virtual Server. Poti ya nje weka 45000, ya ndani 8000 kwa Hikvision au 37777 kwa Dahua, itifaki TCP, kisha hifadhi.

Jaribu kwa bando la simu, Wi-Fi ikiwa imezimwa, ukitumia IP ile ya WAN na poti 45000 kwenye app ya kamera. Ruta nyingi hazikubali kifaa cha ndani kitoke na kurudi kupitia IP yao ya nje, hivyo ukiwa ndani utadhani imegoma.

Nywila ya kiwandani ya DVR ibadilishe kwanza. Kirusi cha Mirai, mwaka 2016, kiliteka kamera na DVR kwa nywila hizo hizo.