Somo: Kutunga na kuchora kitabu cha mtoto, kuanzia barazani hadi kwa mpiga chapa

Mwaka juzi mtoto wa jirani alikuja mbio barazani kwetu, Kibokoni, Mombasa, mkono mdomoni, machozi tele, akasema neno moja tu: "Limepotea!" Muuza madafu akageuka kuhesabu madafu yake. Mama yangu akauliza, "Begi la chuo?" Mimi nikafikiri ni lile embe nililompa asubuhi. Mtoto akaondoa mkono, tukaona pengo.

Usiku ule usingizi ulinikimbia. Neno moja, na kila mtu kasikia chake, kwa kuwa ile "li-" inatosha dafu, inatosha begi, inatosha embe, inatosha na jino. Kitendawili kimejitega chenyewe! Kikawa kitabu changu cha sita, na ndicho nitakachofundishia somo hili, maana wengi mmeniuliza jinsi ninavyofanya kazi na nimechoka kujibu kipande kipande.

Kwanza mnijue. Nilisomesha nasari miaka kumi na moja. Vitabu vya hadithi vilikuwa vitatu, watoto arubaini, na kila mtoto alishavijua kwa moyo. Nikaanza kuchora vyangu nyuma ya karatasi za mitihani. Sikwenda chuo cha sanaa. Mwalimu wangu alikuwa watoto wenyewe, ambao ukichora ovyo hawakwambii. Wanakwenda tu kucheza.

Hatua ya kwanza: daftari

Sina mengi hapa. Kaa panapopita watu, sikiliza, andika. Mimi huandika walichosema, sio nilichofikiri mimi. Kivuko cha Likoni saa kumi na moja jioni kina hadithi kuliko kichwa changu. Lakini usichore uso wa mtu ukamtia kitabuni bila ruhusa yake. Chukua mwendo wake, namna anavyobeba kikapu, na uso utunge mwenyewe.

Hatua ya pili: kunja karatasi kabla ya kuandika

Wengi hukosea hapa, na mimi nilikosea zaidi yao. Chukua karatasi nane za A4, zipange pamoja, zikunje katikati, zipige stepla mgongoni. Una kitabu kitupu cha kurasa 32. Zitie namba zote kwa penseli.

Kwa nini 32? Mpiga chapa hachapi ukurasa mmoja mmoja. Anachapa karatasi kubwa inayokunjwa ikawa kurasa 16, na karatasi mbili za namna hiyo ni 32. Kitabu changu cha kwanza nilikipeleka kikiwa na kurasa 30, nikadhani nimebana matumizi. Kilirudi na kurasa mbili nyeupe mwishoni, kama nyumba iliyohamwa, na nikazilipia.

Kurasa 1 hadi 3 zitaliwa na jina la kitabu na maelezo ya haki. Hadithi huanza 4 na 5, zikiwa zimefunguka pamoja, mpaka 30 na 31. Zihesabu: kurasa pacha kumi na nne, halafu ukurasa wa 32 peke yake. Huo ndio uwanja wako wote.

Sasa tazama vizuri hicho kitabu kitupu. Namba witiri ziko kulia, namba shufwa kushoto. Ukurasa wa kulia ndio wa mwisho mtoto kuuona kabla ya kufunua. Basi hapo ndipo pa kusema "Kitendawili!" na mkono unaofunua ndio unaosema "Tega!" Swali liweke kulia, jibu likae nyuma yake. Katika kitabu cha jino, ukurasa wa 25 bibi anauliza, "Li nini hilo lililopotea?" Unafunua, 26 na 27 ni mdomo mmoja mkubwa, umeachama, na pengo katikati. Hakuna neno hata moja. Ningeliweka pengo ukurasa wa 25, mtoto angeliona kabla swali halijasomwa, na kitabu kingekufa hapo hapo.

Hatua ya tatu: maneno, na jinsi ya kuyafuta

Andika hadithi yote. Halafu chukua penseli nyekundu ufute kila kitakachoonekana kwenye picha. Niliandika: "Alisimama kando ya mkokoteni wa madafu huku ameziba mdomo kwa mkono wake wa kulia." Mkokoteni nitauchora. Mkono nitauchora. Likabaki: "Limepotea!" Na ule mkono mdomoni haumo popote katika maneno. Watoto huuona tangu ukurasa wa 5. Watu wazima, ambao macho yao yako kwenye herufi, huuona ukurasa wa 26. Mtoto aliyemtangulia mama yake kujua jambo atakiomba kitabu hicho kesho tena.

Usihesabu maneno, hesabu mizani. "Hatukumwona" ni neno moja lakini ulimi unapiga hatua tano. Soma kwa sauti ukiwa umesimama. Pumzi ikikukatikia, sentensi ni ndefu. Mimi humsomea mama yangu anapokuna nazi. Mbuzi ikisimama, najua pana kitu pale, kizuri au kibaya.

Na lugha yetu ina zawadi nyingine. "Alikimbia" haisemi mvulana wala msichana. Mtoto wa hadithi yangu sikumtaja. Nimemvalisha kaptula na fulana, nimemnyoa kipara. Wavulana wananiambia ni mvulana, wasichana wananiambia ni msichana, na mimi nanyamaza.

Hatua ya nne: mchore mpaka umchoke

Kabla ya ukurasa wowote, nilimchora yule mtoto mara arubaini: mbele, ubavuni, kisogoni, anakimbia, amenuna, analala. Kisha karatasi moja safi ya vipimo vyake (kichwa kinaingia mara ngapi katika mwili, masikio yanakaa usawa gani) nikaibandika ukutani. Bila karatasi hiyo, mtoto wa ukurasa wa 6 ana miaka mitano na wa ukurasa wa 20 ana kumi.

Baada ya hapo chora kurasa zote ndogo ndogo, kila moja ukubwa wa kiberiti, kwenye karatasi moja. Kwa udogo huo huwezi kujidanganya kwa kope na vifungo. Unaona tu: hapa watu wamejaa, hapa patupu, hapa nimerudia. Mimi niligundua mtoto wangu anakimbilia kushoto kurasa tatu mfululizo, yaani anarudi alikotoka. Kitabu chetu husomwa kwenda kulia; anayekwenda mbele na aelekee kulia.

Hatua ya tano: rangi, na joto la Mombasa

Hapa nitakaa kidogo, maana mafunzo mengi ya rangi za maji yameandikwa na watu wa baridi.

Hewa yetu ina maji. Wakati wa masika rangi haikauki, na karatasi nyepesi inavimba kama hamri. Tumia karatasi nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba. Iloweshe maji, itandaze juu ya ubao, ibane kingo zote nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi ya maji, iache ikauke usiku kucha. Itakaza kama ngozi ya ngoma, na haitajikunja tena ukiipaka. Zilizobaki zifungie kwenye plastiki. Kazi yangu naifanya baada ya alfajiri mpaka saa mbili na nusu, kabla jasho halijaanza. Na hata hapo mkono wangu unalala juu ya kipande cha karatasi chakavu, kwa sababu tone moja la jasho kwenye anga ya buluu linaacha duara ambalo hutaliondoa.

Kuta za Mji wa Kale si nyeupe. Zipake nyeupe uone zinavyofanana na hospitali. Anza na manjano ya udongo iliyochujuka, tia kijivu pale maji ya mvua yaliposhuka. Buibui nalo si jeusi la chupani. Changanya buluu nzito na kahawia, lipate mikunjo na uhai. Bahari ikiwa bado mbichi huirushia chembe za chumvi ya jikoni. Chumvi inanyonya rangi na kuacha vinyota. Ikikauka, ipanguse.

Usiandike maneno ndani ya picha. Siku ukitaka kukitoa kwa Kigiriama utalazimika kuchora upya.

Hatua ya sita: kwa mpiga chapa

Skani picha kwa nukta 300 kwa inchi, katika ukubwa utakaochapwa. Rangi ipitilize milimita 3 nje ya mstari wa kukatwa, na maneno yakae mbali na mstari huo. Bahari yangu ya kwanza ilitoka rangi ya maji ya kuoshea vyombo, kwa sababu kioo cha kompyuta hutoa mwanga na kitabu hutumia wino wa rangi nne, na buluu nyingi za kioo hazimo katika wino huo. Omba karatasi moja ya majaribio kabla ya zote. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, hapa Kenya inatolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa.

MASWALI YENU

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi naandika tu, kuchora siwezi. Nitafute mchoraji kwanza? (Mama, Changamwe)

Marahaba mwanangu. Ukipeleka kwa mchapishaji, peleka maneno peke yake. Wengi hupenda kuchagua mchoraji wao. Ukichapisha mwenyewe, andikianeni kabla ya penseli kugusa karatasi: nani mwenye picha, nani analipwa nini. Wakikupa mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo, uliza unahesabiwa kwa bei ya kitabu dukani au kwa fedha iliyomfikia mchapishaji. Tofauti yake ni kodi ya nyumba.

Bi, nitumie Kimvita? Nyanya yangu husema "ndoo", "mato", "ndia", na nikiandika "njoo" naona si yeye. (Kijana, Majengo)

Muache nyanya aseme "ndoo", lakini msimuliaji atumie sanifu. Ukitaka kiingie shuleni, KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, watakikagua na lugha ni moja ya watakayoyaangalia. Mimi huweka Kimvita ndani ya alama za kunukuu, na hakuna mhariri aliyenifutia bado. Mmoja alijaribu.

Naweza kuchora kwa tableti? (Bila jina)

Waweza. Unaokoa karatasi na jasho. Lakini kitabu cha kurasa 32 kikunje kwa mikono hata hivyo, maana kufunua ukurasa hakujaribiwi kwenye kioo.

Nikishakituma kwa mchapishaji, hawataniibia? (Baba, Kisauni)

Haki ni yako tangu ulipokiandika, hata kabla ya kuisajili. Kwa sheria ya Kenya hudumu maisha yako na miaka 50 baada yake. Kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kunakupa karatasi ya kuonyesha siku ya ugomvi, basi sajili. Ila wachapishaji ninaowajua mimi tatizo lao si wizi, ni kutojibu.

Dada, binti yangu wa miaka mitano amenigombeza. Nimesoma ukurasa wa 30, "Limepatikana!", nikafunga kitabu. Anasema sijui kusoma, jino halikupatikana. Nani mkweli? (Mama, Likoni)

Binti yako. Fungua tena, mtazame bibi ana nini mapajani: anapukuchua mahindi meupe. Sasa kitazame kile anachomkabidhi mtoto. Kisha shuka chini kabisa, kona ya kulia ya ukurasa wa 31, umtafute paka, na hamri aliyoibeba.