Namna ya Kubaki Hewani Ukisafiri Katika Nchi Inayobana Intaneti

Maandalizi hufanywa kabla ya kuondoka, kwa sababu tovuti za kampuni za VPN, yaani programu zinazopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine ili kuvuka vizuizi, huwa miongoni mwa zile zinazofungwa, na msafiri anayengoja hadi atue hujikuta hana pa kuipakulia programu. Nchini China, kwa mfano, Google, Facebook na WhatsApp hazifunguki kwa intaneti ya kawaida, na duka la programu la Google limefungwa pia. Soma kwanza sheria ya unakokwenda, maana ziko nchi zinazoruhusu VPN zilizoidhinishwa na serikali pekee, na nakusihi usilipuuze jambo hili. Ikiwa zinaruhusiwa, weka mbili tofauti kwenye simu na uzijaribu ukiwa bado nyumbani.

Njia ambayo wengi huisahau ni laini yao wenyewe. Ukiiwezesha kutumia data nje ya nchi, mawasiliano yako kwa kawaida hupitia kwanza kwenye mtandao wa nyumbani, hivyo vizuizi vya nchi uliyomo mara nyingi havikufikii, ingawa gharama yaweza kuwa kubwa. Waifai ya hoteli, kinyume chake, huchujwa kama intaneti nyingine yoyote ya huko.

Usiiache laini hiyo nyumbani. Barua pepe yako ikigundua kwamba unaingia kutoka nchi ngeni, huenda ikadai namba ya uthibitisho, na namba hiyo ikitumwa kwa ujumbe mfupi kwenye laini iliyobaki kabatini, utakwama kabisa.