Lenzi moja ya kila siku: anza na 35mm

Wenye kamera za sensa ndogo ya APS-C, msikimbilie lenzi ya 50mm kwa kuwa tu ni ya bei rahisi. Kwenye Nikon, Sony au Fujifilm huona eneo finyu zaidi, kama 75mm kwenye kamera ya sensa kubwa (full frame), na kwenye Canon kama 80mm. Kwa sura ya mtu ni nzuri mno, lakini katika vichochoro vya Mji Mkongwe utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na mlango wa nakshi bado haujaingia wote. Bora 35mm, hasa yenye uwazi mkubwa wa f/1.8 unaoingiza mwanga mwingi, maana Forodhani baada ya magharibi mwanga ni wa taa tu. Kabla ya kununua, iweke lenzi yako ya zumu ya 18-55mm kwenye 35, ibandike utepe isizunguke, ukashinde nayo Darajani.