Mlenda wa kukausha: anikeni kivulini, chambueni karanga

Wenzangu wa Chang'ombe na Majengo hapa Dodoma, mvua zetu ni za msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Mlenda ukijaa sokoni kwa bei ya chini, nunueni mwingi mkaushe. Msiuanike juani juu ya bati, maana jua kali huharibu rangi na vitamini A. Utandazeni kwenye ungo, kivulini penye upepo, mfunike kwa kitambaa chepesi kuzuia vumbi na nzi. Ukishakuwa mkavu wa kuvunjika vidoleni, twangeni, chekecheni, wekeni kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Kuupika hakuli mkaa mwingi: maji na nyanya vikichemka, nyunyiza unga wake huku ukikoroga, dakika chache umeiva.

Lakini karanga za kuungia, nawasihi, zichambueni moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu itupwe, hata kama fungu lenyewe ni dogo. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa nafaka na karanga, iliua watu huku kwetu Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Zilizo safi zitwangwe siku hiyohiyo ya kupika, ugali wa uwele ukiwa tayari jikoni.