Somo: Kupanda meli ya magurudumu Mto Elbe, Dresden hadi Rathen

Wadau, wiki hii nimeulizwa jambo hili inbox mara tatu, nikaona heri niliandike mara moja. Nazungumzia zile meli nyeupe za mvuke za Dresden, Ujerumani, zenye gurudumu kubwa kila ubavu. Ziko tisa. Kongwe yao, Stadt Wehlen, ni ya 1879. Changa yao, Leipzig, ni ya 1929.

Hatua ya 1: Angalia maji kabla ya kununua tiketi. Elbe hukauka sana kiangazi, na mwaka kama 2018 ratiba ilivurugika vibaya. Meli hizi huzama majini chini ya mita moja tu, ndiyo faida ya magurudumu ya ubavuni kuliko pangaboi, lakini mto ukipungua mno nazo hukwama. Maji yakijaa napo ni balaa lingine: meli haipiti chini ya madaraja. Tafuta "Pegel Dresden" kwenye simu, utaona kimo cha maji kwa sentimita.

Hatua ya 2: Fika mapema gati la Terrassenufer. Ukishapanda, waache wenzako wagombee viti vya sitaha ya juu. Wewe nenda katikati ya meli, kwenye uwazi wa injini. Inama uchungulie: mikono ya chuma inapanda na kushuka taratibu, joto linakupiga usoni pamoja na harufu ya oili, na fundi yupo pale chini. Nahodha anaagiza tu. Anayefungua mvuke ni fundi. Ukibahatika kuipata Diesbar, usitoke hapo haraka. Meli yenyewe ni ya 1884, lakini injini yake ni ya 1841, na boila lake linalishwa makaa ya mawe. Mimi ningelipa nauli kwa hilo tu.

Hatua ya 3: Ukipanda mto, kaa kushoto. Kasri tatu za mlimani, kasri la Pillnitz na majabali ya Bastei vyote viko upande huo. Utapita chini ya Blaues Wunder, daraja la chuma la 1893. Beba koti hata mwezi Mei. Upepo wa mtoni hauna adabu.

Hatua ya 4: Shuka Rathen, panda Bastei kwa miguu. Daraja la mawe kule juu ni la 1851, na ukichungulia kutoka kilele cha Bastei, mto uko mita 194 chini yako. Kurudi, vuka kwa kivuko uende stesheni, kisha treni ya S1 mpaka Dresden. Kivuko hicho hakina injini: kimefungwa kamba ndefu ya chuma, mkondo wenyewe ndio unaokisukuma.

Maswali ya wanachama

*Kaka, kwa nini nisirudi kwa meli?*
Unaweza, dada, tena kuteremka ni haraka kuliko kupanda. Ila angalia saa ya meli ya mwisho. Mimi nilizubaa Bastei nikipiga picha, nikaiona yangu kwa chini inaondoka, imeacha mifuo miwili myeupe majini. Nikapata picha nzuri sana, nikarudi na treni.

*Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa Ujerumani nzima, inafaa?*
Kwenye S1 ndiyo. Melini hapana, kata tiketi yake.

*Mkuu, Liemba yetu ya Kigoma ni ndugu yao?*
Binamu wa mbali. Nayo ilijengwa Ujerumani, Papenburg, mwaka 1913, ikaja kwa vipande na kuungwa Kigoma. Lakini Liemba ni ya pangaboi, Ziwa Tanganyika lina kina cha kutosha. Na mvuke wake ulishaondolewa miaka ya 1970, ikawekwa dizeli.

*Nina watoto wawili, wa miaka 4 na 6. Hawatachoka?*
Mpaka Rathen ni saa nyingi, watakusumbua. Ishia Pillnitz, kuna bustani kubwa wakimbie.