Kuchapa sainotaipu kutoka negativu ya inchi 14×17: karatasi kwanza, dawa baadaye

Dada mmoja anayejifunza kamera kubwa aliniletea chapa nne za sainotaipu, yaani picha za buluu zinazochapwa kwa dawa ya chuma na mwanga wa jua. Zilitoka kwenye negativu moja (filamu ambayo mwanga na giza vimegeuzwa), kwa dawa ya chupa zilezile, na zote zilikuwa na buluu iliyofifia kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Sehemu nyeupe zilikuwa na umanjano. "Kaka, nimeshamwaga dawa mara mbili nikachanganya upya," akasema. "Au ni maji?" Nilimwuliza anatumia karatasi gani. Akajibu, "Ya kawaida tu, nzito, ya rangi za maji." Nikamwambia aache kumwaga dawa.

Nilipotea njia hiyohiyo siku tatu nzima, ndiyo maana hatua ya karatasi hapa chini ni ndefu kuliko zote. Kwenye hatua nyingine nitakwenda mbio kidogo.

Hatua ya 1: Negativu

Sainotaipu huchapwa kwa kugusanisha: negativu inalala juu ya karatasi, na picha inatoka na ukubwa uleule wa negativu. Ndiyo sababu tunabeba makamera mazito kama meza. Dawa hii haioni mwanga wa taa ya kawaida, inataka miale ya urujuanimno, kwa hiyo usifikirie kukuza negativu ndogo kwa mashine ya chumba cha giza.

Mimi natumia filamu ya eksirei ya inchi 14×17, ile inayohisi mwanga wa kijani. Ni rahisi kuipata kwa ukubwa huo, na unaweza kuisafisha chini ya taa nyekundu huku ukiitazama. Ubaya wake ni kwamba nyingi zina utando wa dawa pande zote mbili, na utando huo ukilowa ni laini kama ngozi ya maziwa. Trei yenye mistari chini itakuchorea mikwaruzo upande usiouona. Weka kioo kilichosuguliwa kingo ndani ya trei, juu ya mistari hiyo, safisha filamu moja moja, na kata kucha.

Isafishe iwe na utofauti mkubwa kidogo kuliko ungeitaka kwa karatasi ya kawaida ya picha nyeusi na nyeupe. Negativu yenye utofauti mdogo hutoa buluu tambarare isiyo na nguvu.

Hatua ya 2: Karatasi

Buluu ya sainotaipu ni rangi inayotokana na chuma, ileile rangi iitwayo buluu ya Prussia. Inastahimili asidi, lakini alkali inaivunja: buluu inaondoka na kinachobaki ni kutu ya manjano. Sasa, watengenezaji wengi wa karatasi nzuri za sanaa huchanganya unga wa chaki, yaani kalisi kaboneti, ndani ya karatasi ili isioze kwa asidi miaka inavyokwenda. Kwa mchoraji hiyo ni sifa, ila kwetu chaki hiyo ni adui aliyelala chini ya godoro. Na maneno "haina asidi" kwenye kifurushi hayakusaidii, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kwamba chaki imo.

Kilichonipoteza mimi ni kwamba karatasi ya namna hiyo haikatai kazi waziwazi. Inapokea dawa vizuri, inabadilika rangi juani kama inavyotakiwa, kisha ukiiosha nusu ya picha inakwenda na maji. Unafikiri hukuianika vya kutosha. Unaongeza muda, vivuli vinaziba, mawingu bado yana umanjano. Niliongeza muda mara nne. Nikabadilisha maji. Nikanunua dawa mpya. Siku ya tatu karatasi iliisha, nikapaka dawa iliyobaki kwenye kipande cha karatasi nyingine kilichokuwa kimefunikia mizani, nisiitupe tu. Kikatoka buluu nzito hadi nikakasirika.

Kwa hiyo, kabla ya kupaka chochote, pima karatasi. Dondosha tone la asidi kwenye kona, uinamishe jicho karibu na dirisha. Ukiona vipovu vidogo vinatoka kwenye tone kama soda inayoishiwa gesi, chaki imo. Usipoona kitu kwa siki usiamini haraka, siki ni dhaifu. Tumia myeyusho wa asidi ya salfamiki, ile ya unga inayotumika kuondoa ukoko wa chokaa kwenye vyombo.

Ukiweza kupata karatasi ya pamba isiyotiwa chaki, nunua hiyo na uruke hadi Hatua ya 3. Kama uliyonayo ina chaki, itoe hivi. Yeyusha gramu 100 za asidi ya salfamiki katika lita moja ya maji. Vaa glavu na miwani. Zamisha karatasi, itikise taratibu. Vipovu vitapanda, acha hadi viishe kabisa. Karatasi nzito inaweza kuchukua nusu saa, na usichoke mapema, kwani chaki ya katikati ndiyo ya mwisho kutoka. Kisha suuza kwa maji ya kubadilisha mara tano au sita, uning'inize ikauke.

Watu watakwambia asidi ya sitriki inatosha. Nimeitumia, siipendi kwa kazi hii. Ikikutana na chaki inatengeneza kalisi sitreti, ambayo haiyeyuki kirahisi na inabaki ndani ya karatasi. Ya salfamiki inaondoka na maji. Na usifanye ubahili kwenye kusuuza: moja ya dawa tutakazopaka ni ferisianidi, ambayo haitakiwi kukutana na asidi kali, kwa sababu inaweza kutoa gesi ya sumu. Sinia la salfamiki likae mbali na chupa za dawa, na lioshwe kabla hujaanza hatua inayofuata.

Jambo moja zaidi: karatasi iliyolowa na kukauka hujikunja. Ibane chini ya vitabu usiku mmoja. Kwa negativu ya ukubwa huu, sehemu ndogo tu isiyogusana inakupa doa la ukungu katikati ya picha.

Hatua ya 3: Dawa

Mchanganyiko huu unatokana na njia aliyoibuni John Herschel mwaka 1842, na sijaona sababu ya kuubadilisha kwa anayeanza.

Chupa A: amonia feriki sitreti ya kijani gramu 25, maji yaliyochujwa hadi mililita 100.
Chupa B: potasiamu ferisianidi gramu 10, maji hadi mililita 100.

Chupa ziwe za rangi ya kahawia. Chupa A huota ukungu. Uchuje kwa kitambaa uendelee na kazi. Changanya sawa kwa sawa unapotaka kupaka, siyo kabla.

Hatua ya 4: Kupaka

Mililita 4 za A na 4 za B zinatosha 14×17. Lowesha brashi kwa maji kisha ikamue, la sivyo itakunywa robo ya dawa yako. Brashi isiwe na pete ya chuma. Paka kwa urefu, kisha kwa upana, na ukiona inaanza kukauka acha. Kurudiarudia kunachubua karatasi. Taa ya njano ya chumbani haina neno. Kausha gizani hadi mkono usihisi ubaridi wowote, kwa sababu karatasi yenye unyevu itaacha madoa kwenye negativu yako.

Hatua ya 5: Kuanika

Tumia fremu ambayo mgongo wake umegawanyika na una bawaba, uweze kufungua nusu moja na kuchungulia bila picha kuhama. Kioo kiwe cha kawaida. Vile vioo vya gharama vya kulinda picha ukutani vinazuia urujuanimno, na utakaa juani hadi jioni.

Jua la mchana huwa linahitaji kati ya dakika 10 na 20, ila pima kwa kipande kwanza. Usisubiri picha ipendeze. Vivuli vizito vinapaswa kupita buluu na kugeuka kijivu chenye mng'ao wa bati, na picha nzima ionekane imeungua. Kuosha kutaipunguza sana rangi hiyo.

Hatua ya 6: Kuosha

Maji ya kwanza yawe na asidi kidogo: kijiko cha chai cha asidi ya sitriki kwa lita mbili. Hapa sitriki sina ugomvi nayo. Maji ya bomba mara nyingi yana alkali na yanakula sehemu za kati za picha. Kisha osha kwa maji ya kawaida hadi umanjano uishe, dakika 10 hivi, usizidishe sana.

Picha itaonekana hafifu. Buluu inajaza yenyewe ndani ya siku moja ikiwa hewani. Asiye na subira aweke haidrojeni peroksaidi kidogo kwenye beseni la mwisho aone inavyoruka kuwa nzito mbele ya macho yake.

Dada yule alirudi na karatasi ileile, safari hii imetolewa chaki. Buluu ilikuwa imekaa, na kwenye mawingu umanjano haukuwepo. Akaniuliza aibandike kwenye ubao gani wa kadibodi. Nikamwambia aupime ubao nao kwa tone la asidi, kwa sababu mbao nyingi za kuhifadhia picha zimetiwa chaki hiyohiyo.