Kabla hujakiamini kitambaa kinachobadilika rangi

Sisi wa karakana za betri za asidi tunaijua asidi kwa suruali. Jioni unarudi nayo nzima, ukiifua na kuianika inakuwa chekeche, maana asidi ya salfa inakula pamba taratibu. Kitambaa kinachogeuka rangi kikiguswa na asidi kinakushtua mapema, ila hakizuii hata tone. Kwa hiyo glovu, miwani, gambuti na aproni ya mpira viko palepale.

Uliza kimetiwa rangi gani. Methili oranji hutoka njano kwenda nyekundu pH (kipimo cha asidi, kadiri kinavyoshuka asidi ni kali zaidi) ikishuka kutoka 4.4 hadi 3.1, hiyo inafaa. Bromothimoli bluu huanza kugeuka kwenye 7.6, basi jasho lako tu litaigeuza kutwa na utaacha kuitazama. Ukiletewa Congo red, ile ya Wajerumani ya 1884 inayokuwa bluu kwenye asidi, kataa. Imetokana na benzidini, na benzidini inaleta saratani.

Sasa sikia. Tulishonea mikanda ya nailoni ya njano kwenye mikono ya ovaroli. Ilishatuokoa mara mbili tatu. Wiki moja kijana wangu akafua ovaroli pamoja na mashuka ya kwao, akatia dawa ya madoa yenye klorini. Mikanda ikatoka rangi ya maziwa yaliyolala. Nikasema imechujuka tu, kazi iendelee. Jumatatu anajaza betri ya lori, kopo likamteleza.

"Imekupata?"

Akautazama mkono. "Hapana fundi, haijageuka."

Akaendelea kufunga vizibo. Baadaye ananiambia mkono unawasha. Kuvua ovaroli, ngozi chini ya kiwiko imeshakuwa ya kahawia. Kovu analo mpaka leo, na kosa lilikuwa langu. Klorini ilikwishaiua ile rangi. Mkanda ule hata ungeutumbukiza kwenye pipa la asidi usingegeuka.

Tangu hapo limau halikosi mezani. Kila asubuhi, tone moja kwenye mkanda: lazima uwe mwekundu mbele ya macho yako, kisha unausuuza njano irudi. Usipogeuka, ng'oa, tupa. Fua kwa sabuni ya kawaida, anika kivulini.

Mkanda ukigeuka kazini, usianze kuchunguza. Vua, simama kwenye maji yanayotiririka dakika 20, halafu hospitali. Na njano ikirudi baada ya kusuuza usidanganyike, kitambaa cha ndani kinaweza kuwa bado kimelowa.

Mkanda huo hauna habari na soda kali, ile inayounguza bila kuwa asidi, wala na haidrojeni inayotoka betri ikichajiwa, kwa hiyo sigara nje na madirisha wazi. Ukichanganya, asidi ndiyo inaingia kwenye maji, kidogo kidogo, usigeuze. Watoto wasikae karakanani. Na hizo chupa za soda mnazowekea asidi, jamani, acheni.